Mzunguko wa Arobaini

1

Mwenyekiti Mchome aliingia chumba cha vipimo bila kupiga hodi, akatandaza fomu mezani katikati ya vifaa, akasema, "Weka sahihi hapa, na hapa. Mjumbe wa Baraza anafika kesho saa nne."

Elinuru hakuiangalia fomu. Aliangalia kiwiko cha mwenyekiti.

"Chupa hiyo, mwenyekiti."

"Ipi?"

"Hiyo unayotaka kuiangusha."

Chupa ikaanguka. Ilikuwa ya mwisho iliyooshwa.

"Samahani," alisema mwenyekiti kwa sauti ya mtu asiyeomba samahani. "Si zipo nyingine?"

Nyingine zilizooshwa hazikuwepo, na aliyesababisha zisiwepo ni yeye. Asubuhi ile alikuwa amezibeba zote, chupa ishirini na tatu, zikapangwe ukumbini zikiwa zimejazwa mafuta matamu ili mgeni azione zikimeremeta. Elinuru alimwambia chupa za vipimo si mapambo ya harusi, naye akacheka. Ndivyo alivyo Mchome. Ukimwambia la maana anacheka, ukimtania ananuna.

"Arobaini, Mama Nuhu!" alisema sasa, vidole vinne hewani. "Pipa moja la punje, mizunguko arobaini. Bonde zima wanaishia kumi na miwili, wakijikamua sana kumi na mitatu. Baraza linataka kila mji ufuate mwendo wetu. Pipa moja kwa miaka mitatu, badala ya moja kwa mwaka. Watakuja hapa kujifunza. Hapa, Mkongeni!"

"Nitapima kwanza."

"Umepima miaka minne."

"Nitapima na leo."

Mwenyekiti aliondoka akiiacha fomu mezani, na vigae vya chupa sakafuni. Elinuru alifagia mwenyewe, huku akisema maneno ambayo mama yake, Mlokole wa kwelikweli, angemfunga mdomo kwa kuyasema.

Haikuwa kwamba hakujivunia. Alijivunia sana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi baadaye. Tangu dizeli ilipobaki kuwa hadithi ya wazee, kila injini ya bonde, ya treni, ya kinu na ya pampu ya kisima, ilinywa esta. Watu waliiita mafuta matamu kwa sababu ilinukia kama nanasi lililoiva. Mkongeni waliipika kutokana na makapi ya mkonge, yale majimaji ya kijani ambayo zamani yalimwagwa mtoni yakaua samaki. Makapi yalitoa asidi, vigogo vya mkonge vilitoa spiriti. Ukiviweka pamoja motoni peke yake, vitakaa wiki nzima vikitazamana. Ukitia punje, vijiwe vyeusi vya mkaa vilivyobandikwa asidi kali juu ya ngozi yake, vinaungana kwa nusu siku na kuwa esta na maji kidogo. Punje zenyewe hazipungui. Ni kazi ya mshenga: anaunganisha wawili, halafu anarudi kwake akingoja posa nyingine. Mara moja kwa mwezi unazichuja, unaziosha, unazianika, unazirudisha chunguni, na huo ndio mzunguko.

Ila punje zilitengenezwa mahali pamoja tu, chini ya ulinzi, maana kiwanda cha kwanza kiliutia mto sumu kwa miaka tisa. Ndiyo sababu Baraza la Bonde liliupa kila mji pipa moja kwa mwaka. Likiisha kabla ya wakati, shauri lenu; Mkongeni, kwa fahari, waliziacha zamu zao zilizofuata.

Elinuru alifungua kreti chini ya meza, akatoa chupa mpya, isiyooshwa, ambayo ilikuwa bado na vumbi la majani ya kufungia. Akaifuta kwa kitambaa, akakinga mafuta ya mzunguko wa thelathini na tisa, akachovya karatasi ya kupimia.

Karatasi ikawa nyekundu, rangi ya asidi.

Kwanza aliikasirikia karatasi. Akachukua nyingine, nayo ikawa nyekundu vilevile. Akavuka uwanja hadi ukumbini, akanyakua chupa moja ya mapambo mbele ya macho ya kijakazi wa mwenyekiti, akamwaga yaliyomo, akarudi kukinga mafuta yaleyale. Humo karatasi ilikuwa kijani laini, kama alivyoizoea kwa miaka minne.

Mafuta mamoja, chupa mbili, rangi mbili. Alisimama akiwa ameshika kiuno. Kisha akaimwaga ile chupa ya pili na kutia maji matupu ya kunywa, akachovya. Bluu, badala ya kijani.

Aliinua macho ukutani. Pale palikuwa na tangazo la herufi kubwa, kwa mwandiko wake mwenyewe: KILA CHUPA IOSHWE KWA MAGADI. MARA MBILI. Na chini yake, kwa wino mwekundu, kwa kuwa maji ya Mkongeni yalipimwa kwa kikombe: USISUUZE. GEUZA CHUPA IKAUKE.

Magadi yalikauka humo ndani, utando usioonekana. Kila sampuli aliyoipima kwa miaka minne ilikuwa imetulizwa asidi yake na magadi kabla hajaigusa. Yeye aliyewagombeza watu wote kwa uchafu, usafi wake ndio uliomfumba macho. Alitamani kuvunja chupa zote zilizosalia, akakumbuka kwamba mwenyekiti tayari amemsaidia moja.

2

Uani, wanawake sita walikuwa wamezunguka chujio kubwa, mikono imetiwa glavu hadi viwikoni. Mkuu wao alikuwa Bi Nakajumo, mwenye miaka sitini na mitatu na pua iliyoaminiwa kuliko mtambo wowote. Yeye ndiye aliyesema "imeiva" na moto ukazimwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mpimaji. Mbona uso huo, umelamba ndimu?"

"Naomba kuuliza. Ile spiriti ya kwanza mnayooshea punje, mnaimwaga wapi?"

Wanawake walitazamana, kisha mmoja akaangua kicheko.

"Tuimwage?" alisema Bi Nakajumo. "Mwanangu, mama yako hakupika dengelua?"

"Mama yangu alikuwa Mlokole."

Sasa walicheka wote sita. Bi Nakajumo akavua glavu, akajifuta mikono kwenye khanga, akaamua kumhurumia.

"Haya, nikufundishe. Dengelua ni maji ya miwa. Ili yachachuke unatia tunda la mvungunya, lile kubwa refu, umelipasua na kulikausha. Pombe ikiiva unalitoa, unalianika, unalitumia tena. Tunda jipya halijui kitu. Lililopika mara ishirini ndilo tunda. Tena hulioshi likatakata! Ule utomvu wake ndio wenye kazi. Sasa wewe ulituletea karatasi yako, 'osheni, mwageni kwenye shimo la chokaa.' Tuliisoma. Tukaona aliyeandika hajui kupika."

"Kwa hiyo spiriti ya kwanza…"

"Inarudi chunguni. Kila mara. Tangu mwezi wa kwanza. Unafikiri arobaini inatoka wapi?"

Alisema hayo kwa fahari, kidevu juu. Elinuru alichota punje kiganjani. Zilikuwa nyeusi, nzuri, safi. Akajua kwamba ni mkaa tu. Asidi yote ilikwisha kubanduka, labda tangu mzunguko wa kumi, ikahamia kwenye spiriti ya kuoshea, na wanawake wakairudisha chunguni kwa upendo mzunguko baada ya mzunguko. Kilichopika si punje. Ilikuwa asidi iliyo huru ndani ya mafuta, na kila mzunguko sehemu yake ilitoka pamoja na mafuta, ikaingia kwenye mapipa, na kutoka kwenye mapipa ikaingia kwenye injini na pampu za Mkongeni na za Ziwani Juu, mji uliokuwa ukinunua mafuta yake.

Akawaeleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, huku sauti ikimpanda. Kicheko kikaisha.

"Unasema tumeharibu," alisema Bi Nakajumo.

"Nasema tumeharibu sote. Mimi nilitakiwa kuiona miaka minne iliyopita."

"Wewe una karatasi zako. Mimi nina chungu ambacho hakijalala hata siku moja, na watu wanapata maji." Akavaa glavu. "Nenda, mama. Tuna kazi."

3

Senkondo, mumewe, alikuwa barazani akiziba sufuria ya jirani. Miaka miwili iliyopita mikono ile ilikuwa ikifungua pampu za kina cha mita tisini. Kisha pampu ya Ziwani Juu ikafa mara tatu kwa mwaka mmoja, sili zake, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, zimelika hadi kuwa ugali, na ya Mkongeni ikafa mara mbili. Chama cha Mafundi kikamwita. Senkondo alisema amefunga kila sili kwa utaratibu, lazima mafuta yana kitu. Wakaagiza vipimo. Elinuru akaenda na daftari lake, akasimama mbele ya mumewe, akasema mafuta ni safi. Alisema ukweli kama alivyoujua. Chama kikamnyang'anya Senkondo leseni, na njiani kurudi Elinuru akamwambia, kwa upole ambao sasa ulimchoma, "Labda ulikaza mno."

Alimwambia yote akiwa amesimama. Senkondo aliendelea kugonga bati hadi alipomaliza.

"Pipa jipya linakuja lini?" aliuliza.

"Miezi saba."

"Na bila punje za kweli hakuna esta."

"Hakuna. Nimefikiria hata kutia magadi kwenye mapipa yaue asidi. Magadi yanaikata esta yenyewe, tutabaki na uji wa sabuni. Nimefikiria kila kitu, Baba Nuhu. Kila ninachoshika kinavunjika."

"Ukisema kesho, chungu kitazimwa. Kisima kitasimama miezi saba. Nuhu anakunywa kisima hicho, na watoto wote wa hapa."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, mimi naziba sufuria." Akaigeuza ile sufuria kuangalia mwanga kama unapenya. "Nimezoea."

Afadhali angemtukana. Elinuru aliukasirikia uvumilivu wa mwanamume huyu, ambao miaka miwili alikuwa akiuona kama kukiri kosa.

"Usizoee!" alisema. "Nani kakwambia uzoee? Na hao wengine je? Nikitia sahihi arobaini, kila mji utapewa pipa moja kwa miaka mitatu. Halitawatosha. Watakuja kwa Bi Nakajumo kujifunza, na kila chungu cha bonde kitapika asidi. Mwaka mmoja tu, hakutabaki pampu nzima toka milimani hadi baharini. Huo mji mmoja usio na maji utakuwa miji thelathini."

Senkondo aliiweka sufuria chini.

"Basi usiniulize mimi," alisema hatimaye. "Mimi nina faida ndani ya shauri hili. Siwezi kuwa shahidi mzuri."

4

Mjumbe Shekiondo alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani, aliyekwisha kuchoshwa na ngoma za makaribisho za miji mingine. Alizipita chupa za ukumbini bila kuzitazama, akaomba kuona chungu. Mwenyekiti akamwelekeza kwenye viti vya heshima, akaweka kalamu juu ya fomu.

"Mpimaji wetu anatia sahihi, kisha tunakula."

"Sitii," alisema Elinuru. "Naomba saa moja na chungu kidogo, hicho huiva upesi."

"Mama Nuhu," alisema mwenyekiti akiwa ameuma meno, "huu ni ukaguzi, si mapishi."

"Mwacheni," alisema mjumbe.

Mkutano ukahamia uani. Mji ulikuwa umevaa vizuri, na sasa ulisimama juani kwa viatu vya kubana ukimtazama mtu mmoja akikoroga. Elinuru alitia asidi ya mkonge, spiriti, na punje za mzunguko wa arobaini pamoja na ile spiriti ya kuoshea, sawasawa na walivyofanya waoshaji. Alifunika, akatazama kipimajoto. Upishi ulipofika nusu, aliomba watu wawili wenye glavu wamshikie chujio.

"Nachuja ikiwa moto," alisema. "Ikipoa, asidi iliyobanduka inaweza kurudi kujificha kwenye punje, na hatutajua kitu. Punje zote zinatoka. Mjumbe, tafadhali, angalia mwenyewe kama imebaki hata moja."

Mjumbe aliinama, miwani ikafunga ukungu, akaifuta, akainama tena. "Hakuna."

"Sasa majimaji haya yasiyo na punje yanarudi motoni. Kama wapishi ni punje, upishi utakoma sasa hivi, harufu itabaki ilipo. Kama upishi unaendelea, basi tangu mwanzo aliyekuwa akipika si punje."

Walisubiri nusu saa. Mtoto mmoja alilia akapelekwa nyumbani. Mwenyekiti alisema chakula kinapoa, akasema tena, kisha akaacha. Mtambo wa kupimia kiasi cha esta ulikuwepo, lakini uligoma kuwaka, kama ulivyogoma kila siku yenye umuhimu tangu ununuliwe. Elinuru aliupiga kofi mara mbili. Mtu akacheka. Akajikuta anakaribia kulia mbele ya watu mia tatu kwa sababu ya kitufe.

Ndipo akageuka. "Bi Nakajumo. Naomba uje unuse."

Kila mtu alijua kwamba mwanamke yule akisema "imesimama", hakuna atakayembishia, na fomu itatiwa sahihi ya mtu mwingine kabla ya chakula. Mwenyekiti alijua hivyo pia. "Mama yetu huyu," alimwambia mjumbe, uso ukimchangamka, "pua yake haijakosea miaka minne."

Bi Nakajumo alikuja polepole. Hakumsalimu Elinuru wala kumtazama. Akafunua kifuniko, akainamia mvuke, akanusa. Akafunika, akahesabu kimoyomoyo midomo ikicheza, akafunua tena.

"Inaiva," alisema.

"Mama," alisema mwenyekiti, "angalia vizuri."

"Mimi siangalii, nanusa. Humo hamna punje hata moja, na inaiva." Akamgeukia mwenyekiti. "Unataka nifanyeje, Mchome? Niidanganye pua niliyozaliwa nayo kwa ajili ya ukumbi wako?"

Kisha akarudi kwa wenzake, na wao wakampisha.

Mjumbe Shekiondo alifungua daftari. "Nani alikuwa akithibitisha usafi wa mafuta haya?"

"Mimi." Elinuru akaeleza habari ya magadi mwanzo hadi mwisho, na hakuruka lile tangazo la ukutani.

"Naona kuna fundi aliyefutwa kwa sili zilizolika. Aliyetoa ushahidi dhidi yake?"

"Mimi."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. Kisha mjumbe akasema, bila ukali na bila huruma, mambo ambayo kila mtu alikuwa akiyangoja. Chungu kizimwe leo. Pipa jipya halitawahishwa, kwa kuwa kila mji una zamu yake. Treni ya maji itapita mara moja kwa wiki, lita ishirini kwa kila nyumba. Mgao wa bonde utabaki pipa moja kwa mwaka. Na kibali cha mpimaji wa Mkongeni kimefutwa kuanzia saa hii.

Waoshaji walimwaga mchanga motoni. Watu hawakumzomea Elinuru, maana hawakuwa na muda. Walikuwa wakikimbilia nyumbani kuchukua ndoo, wawahi kisima kabla mafuta yaliyobaki kwenye injini hayajakauka. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyesimama.

"Umetumaliza," alisema. "Kwa nusu saa tu, umetumaliza."

Mtu huyu aliyemchosha Elinuru miaka minne mfululizo, leo alikuwa na haki ya kuumia.

5

Alimkuta Senkondo palepale barazani. Akampa barua ya mjumbe, yenye muhuri, inayomrudishia leseni na kumwondolea lawama ya pampu tano. Alikuwa ameiwaza saa hii njia nzima. Alitegemea atafurahi, au atakasirika, na alikuwa tayari kwa vyote viwili.

Senkondo aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Mwaka jana," alisema, "nilipokuaga nakwenda kutafuta mabati."

"Ukakaa siku nne."

"Sikwenda kutafuta mabati. Nilikwenda Ziwani Juu na yule mbuzi."

Elinuru alimkumbuka mbuzi. Aliambiwa amepotea.

"Kuna mama mmoja kule, mjane," aliendelea Senkondo. "Pampu ilipokufa mara ya tatu, ng'ombe wake kumi na mmoja walikufa kwa kiu. Wote aliokuwa nao. Niliona siwezi kuishi hivi hivi. Nikampelekea mbuzi, nikapiga magoti mbele ya ukoo wake, nikasema mikono yangu ilifanya uzembe. Wakachinja, tukala pamoja. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akasema imekwisha."

"Kwa nini ukiri kosa ambalo hukulifanya? Wewe ulijua ulizifunga vizuri zile sili!"

"Nilijua. Halafu wewe ukasimama mbele ya chama ukasema mafuta ni safi." Alisema bila lawama yoyote, na hapo ndipo palipomshinda Elinuru. "Nikajisemea, Mama Nuhu hakosei. Basi nitakuwa nilikosea mimi."

Kisimani chini kelele za ndoo zilikuwa zikiongezeka. Elinuru alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Hakulia, ingawa sasa hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

"Anaitwa nani huyo mama?"

"Mama Sebarua."

"Nitakwenda kesho."

"Mbuzi hatuna."

"Nitakwenda mikono mitupu."

Senkondo aliiweka barua chini ya sufuria isipeperushwe na upepo, akanyoosha mkono kumwinua.

"Njia yenyewe huijui," alisema. "Nitakupeleka."